Hapana Msiba Mtondooni

Unguja, 5 Machi 2023

Baba yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Natumai umeamka salama na goti limepungua kuuma. Ningekupigia simu, lakini najua kwako simu ni mvumo mtupu sikioni, basi tuendelee na barua kama ulivyonizoesha. Mimi mzima. Chumba nilichokodi kina joto na majirani hawana muda, naweza kumaliza wiki nzima sijasikia anayeniita Samiha. Katika Baraza la Wawakilishi mimi ni Mheshimiwa, dukani mimi ni dada.

Nadhani ulinisikia redioni Jumatano. Nimeunga mkono mswada wa kuifunga miamba ya mashariki miezi sita kila mwaka, pweza wapate kuzaliana. Najua kwetu tumezoea kujifungia wenyewe miezi mitatu, kwa makubaliano, bila ya askari wala faini. Lakini Baba, nilipokuwa mdogo pweza mmoja alijaza ndoo. Mwaka jana nimewaona kina mama wanapanda pwani na vipweza vya ukubwa wa ngumi. Tukingoja kila kijiji kikubaliane kwa wakati wake, hatutabakiwa na pweza wa kuwafungia mwamba.

Nimesema pia kwamba mchumaji akianguka mkarafuu atibiwe na serikali na watu wake watunzwe mpaka apone. Na nimedai walimu wa sayansi kwa skuli za kwetu. Lakini nijuavyo mimi, kitakachozungumzwa ni bahari tu.

Niandikie watu wanasemaje. Na kama kuna msiba niambie mapema, nipeleke rambirambi, na nikiweza nije. Unajua nakutegemea wewe. Muosha maiti ndiye wa mwanzo kuitwa, na watu wote Mtondooni wanajua kwamba akijua Baba, nami nimejua.

Mwanao,
Samiha


Mtondooni, 14 Machi 2023

Mwanangu Samiha,

Wa alaykumu ssalaam. Barua yako nimepewa na Thuwein, yule mwenye duka Wawi, alipotoka Unguja kuchukua bidhaa. Hii ataileta yeye safari yake ijayo. Goti ni lile lile.

Hotuba nimeisikiliza, redio nimeibandika sikioni. Maksi sabini, kama nilivyokuwa nikisahihisha darasani. Umepoteza kumi kwa kusema mbio na ishirini kwa kusema “kimsingi” mara kumi na moja, nilihesabu. Juu ya wachumaji karafuu umesema vizuri sana. Nilimkumbuka marehemu baba yako mdogo, miaka minane kitandani kwa kuanguka mara moja. Juu ya walimu sina la kuongeza. Ulipoulizwa habari ya Muungano umezunguka mno. Mwenye msimamo autoe, asiye nao anyamaze, na wewe hukufanya hili wala lile. Juu ya bahari msimamo wako ni sahihi, na usiuachie.

Watu hawana neno. Msiba hapana, Alhamdulillahi. Mkoba wangu wa kuoshea nimeutundika ukutani na kafuri inayeyuka kidogo kidogo ndani ya kopo lake. Nimepata nafasi ya kusoma na kupalilia mihogo.

Kula vizuri. Sauti yako redioni ilikuwa ya mtu mwenye njaa.

Baba yako,
Kificho Nyange


Unguja, 2 Mei 2023

Baba,

Nisamehe kwa Idd. Kamati ilikaa mpaka Ramadhani inakatika, na nilipofika bandarini boti imejaa. Nimesali hapa, nikanunua kaimati kwa mama mmoja wa njiani, nikazila nimesimama.

Habari njema ni kwamba simu zimepungua. Zamani nikiamka nakuta watu kumi wa kwetu wameshapiga, huyu anataka bati, yule mwanawe hajapata nafasi ya masomo. Sasa kwa wiki hazifiki mbili. Nadhani watu wameuelewa mswada na wameridhika. Nimewaambia wenzangu katika kamati kwamba kwetu mambo yametulia, na mwenyekiti akaniandika jina miongoni mwa watakaousemea mswada.

Na bado hapana msiba! Mwaka jana kufikia mwezi huu ulikuwa umeshaosha wanne. Mungu azidi kutuweka.

Rafiki yako Mzee Ame anaendeleaje na kifua? Msalimie, na umsalimie mkewe Bi Mize. Najua yeye ndiye mkubwa wa kina mama wanaochokoa pweza mwambani kwa fito, na nilimtarajia apige simu kunigombeza. Hakupiga. Nimefarijika.

Samiha


Mtondooni, 16 Mei 2023

Mwanangu,

Usijilaumu kwa Idd. Nilipika mwenyewe, wali na kuku, nikatandika mkeka ukumbini kama kila mwaka. Kuku alikuwa mkubwa. Nimemla siku tatu.

Siku hizi sukari na mafuta nanunua Wawi kwa Thuwein, siendi tena duka la hapa. Kutembea kunalisaidia goti.

Ame hatoki ndani. Unajua ahadi yetu. Maiti ya mwanzo kuosha katika maisha yetu tuliiosha pamoja, yeye akimwaga maji na mimi nikiosha, vijana wawili tunatetemeka. Tulipotoka tukapeana mkono kwamba atakayetangulia, mwenzake amwoshe. Miaka yote nilidhani nitatangulia mimi, kwa kuwa Ame alikuwa mzamiaji na ana pumzi ya watu wawili. Sasa sijui. Nikipita njia ya nyuma ya kwao naona shuka lake limeanikwa, najua yu hai.

Msiba hapana. Usiache kunywa maji mengi.

Baba yako,
Kificho Nyange


Mtondooni, 3 Julai 2023

Mheshimiwa Mwakilishi Samiha Kificho,

KUH: KUTOKUWA NA IMANI NAWE

Mimi ni Mize Ashraf, mwenyekiti wa kamati ya kina mama wachokoa pweza wa Mtondooni. Anayeandika ni binti yangu Rahila, maneno ni yangu.

Sisi mwamba tumeufunga wenyewe miaka saba. Hapana aliyetufundisha. Siku ya kufungua tunashuka sote, na wajane tunawatanguliza wachague pa kuanzia. Leo wewe unasema miezi sita, na atakayeonekana na ufito maji yakitoka achukuliwe na askari. Mwenye chombo atakwenda maji makuu. Mimi mwenye miguu nitakwenda wapi? Ulipokuja kuomba kura ulikaa kwenye mkeka wangu. Kabla ya kulisema hilo redioni ungerudi ukakaa tena, ukaniuliza.

Hilo tungegombana na tungelimaliza. La pili ndilo lisilosameheka. Tangu Machi tumezika watu watano. Mzee Moosa aliyekusomesha Kurani. Bi Rumaitha aliyekupokea ulipozaliwa, huyo tumemzika Aprili. Talib na ndugu yake. Kichanga cha Laila. Hukuja, hukutuma mtu, hukupiga hata simu. Watu wakasema, tumemsusa baba na yeye katususa na maiti wetu.

Naam, baba yako tumemsusa. Kama hujui, muulize alichokisema msikitini. Salamu hatumpi, dukani hauziwi, na wale wanaume watatu tumemfuata mtu Wawi aje awaoshe.

Mume wangu hajiwezi. Sikuombi kitu.

Mize Ashraf


Unguja, 9 Julai 2023

Baba,

Watu watano.

Nimeletewa barua na Bi Mize. Nimeisoma kwenye ngazi za Baraza na watu wananipita wananiambia hongera kwa sijui nini. Bi Rumaitha, Baba! Kila nilipokuja alikuwa akinishika uso kwa mikono miwili. Amekufa Aprili, na mimi Mei nakuandikia nafurahi kwamba hapana msiba.

Hukunidanganya hata nilipokuwa mtoto. Mama alipokufa uliniambia siku ile ile, ukanishika mkono ukanipeleka kumwona, na shangazi wote wanakukataza. Nimejenga maisha yangu juu ya hilo, kwamba Baba akisema kitu ndivyo kilivyo. Nimesimama katika kamati nikasema kwetu kumetulia. Kumbe wamenyamaza kwa kuwa wamenichukia, na wewe ulikuwa unajua.

Nimekasirika na nimeona haya, na sijui kipi kikubwa. Nakuja wiki ijayo. Nitakwenda nyumba zote tano.

Samiha


Mtondooni, 24 Julai 2023

Mwanangu Samiha,

Ulikaa siku tatu na tukazungumza habari za goti. Umeondoka na swali lako halijajibiwa, na najua hukuliuliza kwa kunihurumia. Usoni sikuweza. Hapa naweza.

Ijumaa ya pili baada ya hotuba yako, tulipomaliza kusali, watu walianza kukusema. Nikasimama. Nikawaambia Samiha amesema kweli, mwamba umechoka, na mimi ndiye niliyemfundisha kusema kweli. Nikawaambia pia kwamba tangu tuanze kujifungia wenyewe kila mwaka kuna wanaoiba siku, wanashuka mwambani kabla haujafunguliwa, na baadhi yao wamo humu msikitini. Hilo la mwisho lilikuwa la kweli na halikuwa na haja. Walivaa viatu wakenda zao.

Siku ya pili akafa Mzee Moosa. Nilijua kwa kuwaona watu wanakwenda. Nikateremsha mkoba, nikakaa nao mapajani nikingoja kuitwa, mpaka nikaliona jeneza linapita barabarani. Nikatoka kulifuata. Nilipotia bega nibebe, hapana aliyenipisha.

Nimewaosha watu wa hapa miaka thelathini na sita. Nawajua makovu yao, ya mtu na ya baba yake. Nilipokaa kukuandikia, kalamu ilikataa kuandika kwamba kuna msiba na mimi sikuitwa. Nikaandika hapana msiba. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Wallahi sikufikiri kwamba kwa kuficha aibu yangu nimekukosesha wewe rambirambi, na watu watakuhesabia kiburi. Mwalimu mzima, sikufikiri.

Nilikuona unatoka nyumba hii unaingia ile, buibui limejaa vumbi. Kwa Laila hukufunguliwa. Ulikaa kizingitini saa nzima na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mihogo nakutazama, na nisingeweza kuja kukuondoa wala kukaa na wewe.

Nisamehe, mama.

Baba yako,
Kificho


Unguja, 27 Agosti 2023

Baba yangu,

Nimekusamehe pale pale kizingitini kwa Laila, kabla ya barua yako. Uliposimama nyuma ya mihogo nilikuona.

Sasa sikiliza. Kura ya mswada ni mwezi ujao. Nimeomba miezi ipunguzwe, na wanaokwenda kwa miguu waachiwe japo karibu na pwani. Sijui kama watakubali. Lakini ninaweza pia kusimama na kuupinga wote. Nikifanya hivyo Bi Mize atalisema neno moja kwa kina mama, wao watalisema majumbani, na utaitwa. Utapewa salamu. Mzee Ame hana muda mrefu, Baba, hata mimi nilimwona dirishani. Akifa sasa wataita mtu wa Wawi, na ahadi ya miaka yote hiyo itakwenda na maji.

Bado naamini mwamba unahitaji kupumzishwa. Lakini nikilala sioni pweza wala takwimu. Nakuona wewe na yule kuku wa siku tatu.

Sema neno moja tu, nitapinga.

Samiha


Mtondooni, 6 Septemba 2023

Samiha,

Neno lenyewe ni hili: usithubutu.

Ukiupinga kwa kuwa Bi Mize amekushinda kwa hoja, na ile hoja yake ya miguu ni nzito, hata mimi nimeifikiria sana, nitakupa maksi mia na sitakuuliza tena. Ukiupinga ili baba yako aitwe kuosha maiti, basi hata nikiitwa sitakwenda. Nitamgusaje Ame kwa mikono iliyonunuliwa hivyo?

Ninahuzunika, sikufichi tena. Asubuhi naamka nakohoa kwa nguvu kusudi, nyumba isikike ina mtu. Lakini huzuni yangu haikuchaguliwa kwenda Barazani. Umechaguliwa wewe, na watu wale wale wasionisalimia ndio waliokuchagua. Waangalie wao.

Kificho Nyange


Unguja, 28 Septemba 2023

Baba,

Mswada umepita. Nimesema ndiyo.

Imekuwa miezi minne, si sita. Kina mama wa miguu wameachiwa chaza karibu na pwani, pweza hapana. Nilisimama nikaisoma hoja ya Bi Mize kwa jina lake, neno kwa neno, na nikakiri mbele ya watu kwamba ilinipasa kwenda kumuuliza kabla sijafungua mdomo. Wawili walicheka. Wengine walisikiliza.

Baadaye tulinywa soda na kupigwa picha, kisha kila mtu akaenda kwa watu wake. Mimi nimerudi chumbani nimekaa kitandani na viatu vyangu. Ninaamini nilichokifanya, na nakiona kinamla baba yangu mwenyewe. Sijapata kuwa peke yangu namna hii tangu nizaliwe.

Najua kilichobaki kwako ni kungoja, na najua unangoja nini. Niandikie hata kama ni baya. Usinifiche tena kitu.

Mwanao,
Samiha


Mtondooni, 12 Oktoba 2023

Mwanangu mpenzi,

Ame amefariki Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa chai. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun. Peleka rambirambi leo hii, na uje hitima.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipotoka nje nikamkuta Bi Mize amesimama uani. Sijui kama alipiga hodi. Alinitazama, nikajua. Nikavaa kanzu, nikachukua mkoba. Akageuka na mimi nikamfuata nyuma, njia nzima, watu wanatutazama.

Ukumbini kwao walikuwamo wanaume kama ishirini, na yule bwana wa Wawi ameshavua saa na kukunja mikono. Bi Mize akapaza sauti, nikamsikia hata mimi: “Ame kasema Kificho. Asotaka naende zake.” Wakatoka mmoja mmoja. Bwana wa Wawi alitoka wa mwisho, akanipa mkono, yeye hana ugomvi na mtu.

Kuosha kunataka watu, mmoja amwage maji, mmoja amgeuze maiti. Nilitazama mlangoni na hapana aliyerudi. Basi Bi Mize akafunga mlango, akajifunika buibui mpaka vidoleni, akachukua kata. Mke ana ruhusa ya kumwosha mumewe. Akamwaga maji, na mimi nikaosha.

Ame alikuwa mwepesi, sikuamini. Niliweza kumgeuza peke yangu. Kovu la mwiba wa taa, yule samaki aliyemchoma siku za uzamiaji, lilikuwapo mguuni pale pale, nililiosha taratibu. Machozi yaliponijia, yeye aliendelea kumwaga. Yalipomjia yeye, nilisimamisha mkono nikangoja. Tukaendelea hivyo mpaka tumemvika sanda.

Wanaume walirudi kubeba. Nilifuata nyuma ya watu wote, na bega sikutia. Mwamba umeshafungwa tangu wiki iliyopita na kina mama wawili wamenyang’anywa fito zao, basi usitarajie kwamba sasa mambo yatakuwa mepesi. Duka la hapa bado siuziwi. Jana nimemsalimia mtu njiani, akatazama minazi.

Lakini nilipokuwa nafunga mkoba, kabla ya kutoka, Bi Mize alinisogelea akasema kitu na sikumsikia. Akasogea tena, mpaka karibu ya sikio langu, akakariri kwa sauti: “Kamwambie mwanao, kura yangu hapati. Si kwa chaza, si kwa rambirambi.”

Nikamjibu kwamba nitakuandikia. Nimekuandikia. Ndiyo maneno pekee niliyoambiwa mimi na mtu wa Mtondooni kwa miezi saba, na nilirudi nyumbani nikiyasema njia nzima, nisije nikayasahau.

Baba yako,
Kificho Nyange